Barua ya wazi kuhusu vidung'ata: mtambueni mdudu kabla ya kununua dawa

Kwa waheshimiwa mawaziri wa kilimo, wakurugenzi wa taasisi za afya ya mimea, na maofisa wote mnaotia saini vibali vya kuingiza viumbe hai na hati za ununuzi wa viuatilifu.

Kidung'ata ni mdudu mdogo mwenye nta nyeupe anayefyonza utomvu wa mimea, na aliye mgeni huwa ameshaenea kabla taarifa zake hazijafika mezani kwenu. Ncha za muhogo zimejikunja na kufungamana kama kichwa cha kabichi, mapapai yamefunikwa unga mweupe, na ukungu mweusi umetanda juu ya majani yaliyolowa maji matamu anayotoa mdudu. Wakulima wanalalamika, wawakilishi wao wanauliza maswali, na jambo jepesi kuliko yote ni kuidhinisha ununuzi wa dawa na kugawa mabomba ya kupulizia. Tunaomba saini hiyo isubiri. Fedha za kwanza ziende kwenye kumtambua mdudu kwa jina lake kamili, kwa sababu kila hatua inayofuata hutegemea jina hilo, na dawa inayopulizwa katika wiki za mwanzo huharibu kazi ya miaka inayofuata.

Tuanze na dawa, maana ndiyo inayoombwa kwanza. Mwili wa kidung'ata umevikwa nta, na dawa ya kuua kwa kugusa huteleza juu yake. Mayai yamo ndani ya kifuko cha nyuzi za nta, na jike mmoja wa kidung'ata wa mpapai aweza kutaga mia kadhaa. Wadudu hujificha chini ya jani, katika mikunjo ya chipukizi, kwenye kikonyo cha tunda, na aina nyingine mizizini. Dawa humpata vizuri kwa muda mfupi tu baada ya kuanguliwa, akiwa bado mtambazi mwenye nta kidogo. Lakini shambani vizazi hupishana: siku ya kupuliza, watambazi wanakufa huku mayai yakisalimika, na baada ya wiki moja au mbili shamba limejaa tena. Mkulima anarudia. Kila anaporudia, wanaokufa kwa hakika ni nyigu vimelea, ambao hawana nta na hutembea juu ya majani kutwa wakimtafuta kidung'ata ili wamtagie mayai na watoto wao wamuue. Dawa za kupenya ndani ya mmea humfikia mdudu aliyejificha, ila sumu yake imeonekana kutoka pia ndani ya maji yale matamu, ambayo nyigu na wadudu wengine wenye manufaa huyala.

Hili lilipimwa. Watafiti wa IITA, Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, walipopuliza dawa kwa makusudi katika sehemu za shamba la muhogo ili kuwaondoa nyigu, vidung'ata waliongezeka kuliko katika sehemu ambazo hazikupulizwa kitu.

Kuhusu jina, historia ya Afrika inatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1923 kidung'ata alilipuka katika kahawa ya Kenya. Alidhaniwa kuwa aina nyingine iliyokwisha kujulikana, na maadui wake wakatafutwa hadi Asia, bila mafanikio. Ilipofika 1935 mtaalamu wa wadudu Le Pelley alionyesha kwamba huyu ni aina tofauti, akampa jina la kenyae. Tangu hapo swali likabadilika: huyu kwao ni wapi, na huko nani humla? Jibu lilikuwa Uganda, ng'ambo ya mpaka, ambako alikuwapo kwa uchache bila kusumbua mtu. Nyigu wa jenasi ya Anagyrus walioletwa kutoka huko mwaka 1938 ndio waliomtuliza. Muda mrefu ulipotea kwa sababu ya jina lisilo sahihi, na nyigu waliohitajika walikuwa nchi jirani.

Kosa hilohilo lilikaribia kurudiwa kwa muhogo. Kidung'ata wa muhogo, Phenacoccus manihoti, alionekana mwaka 1973 karibu na Kinshasa na Brazzaville, kisha akasambaa katika ukanda mzima wa muhogo. Watafutaji walikwenda bara la Amerika, kwa kuwa ndiko muhogo ulikotoka, na upande wa kaskazini mwa Amerika Kusini wakakuta kidung'ata anayefanana naye mno. Huyo alikuwa Phenacoccus herreni, na nyigu wake hawakumfaa mdudu wa Afrika. Ishara ilikuwapo: herreni ana madume na majike, ilhali manihoti ni majike watupu wanaozaa bila dume. Manihoti mwenyewe alipatikana Paraguay mwaka 1981, pamoja na nyigu Anagyrus lopezi. Nyigu hao walipitishwa karantini London, wakapelekwa Ibadan, na mwishoni mwa mwaka huohuo wakaachiwa mashambani Nigeria. Kutoka hapo walipelekwa nchi nyingi za ukanda wa muhogo, na Hans Rudolf Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Sasa linganisheni na Thailand. Kidung'ata huyohuyo alionekana huko mwaka 2008. Jina lilikuwa linajulikana, nyigu walikuwa wakifugwa Benin, na mwaka 2009 waliingizwa nchini. Afrika ilisubiri takribani miaka minane, Thailand ikasubiri mwaka mmoja. Ndiyo maana tunasema maabara ya utambuzi si anasa ya watafiti.

Sampuli ikichukuliwa vibaya, hata bingwa wa taksonomia, yaani elimu ya kutambua na kuainisha viumbe, hawezi kusaidia. Picha ya simu haitoshi, kwa sababu aina hutofautishwa kwa vitundu na mirija midogo ya ngozi inayoonekana kwa hadubini baada ya mdudu kusafishwa na kutandazwa kwenye kioo. Wachukuliwe majike waliokomaa wasiopungua 20, kwa brashi laini iliyoloweshwa, maana kibano huwapasua. Nusu yao watiwe katika ethanoli ya asilimia 70 hadi 80 kwa ajili ya hadubini, na nusu katika ethanoli ya asilimia 95 au zaidi kwa ajili ya DNA. Kibandiko kiandikwe kwa penseli na kiwekwe ndani ya chupa, kikionyesha mmea, sehemu ya mmea, mahali na tarehe. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka katika ethanoli, na sampuli isiyo na maelezo ni ya kutupa.

Majani mengine yenye vidung'ata yafungwe katika mifuko ya karatasi, si ya plastiki inayotoa jasho na kuoza, yakae wiki tatu kivulini, kisha yakaguliwe. Mara nyingine nyigu sahihi huwa ameshaingia nchini pamoja na mwenyeji wake, na kazi iliyobaki ni kumsambaza tu. Ni aibu kuagiza ng'ambo mdudu aliye tayari shambani.

Jina likipatikana, mara nyingi nyigu pia anajulikana. Kwa kidung'ata wa mpapai, Paracoccus marginatus, mwenye asili ya Meksiko, wapo Acerophagus papayae, Anagyrus loecki na Pseudleptomastix mexicana, ambao India iliwapokea mwaka 2010 kutoka maabara ya Puerto Rico. Kwa kidung'ata wa mwembe, Rastrococcus invadens, yupo Gyranusoidea tebygi aliyetolewa India na kuachiwa Togo mwaka 1987. Nyigu hawa huchagua mno. Anayemuua wa muhogo hatawasaidia wenye mipapai, na afisa anayeomba "nyigu wa vidung'ata" kwa ujumla arudishwe akaandike ombi upya.

Hapo ndipo kalamu zenu zinapohitajika, na hapo ndipo mambo hukwama. Kiwango cha kimataifa cha afya ya mimea namba 3, kilichopitishwa 1995 na kurekebishwa 2005, kinaeleza wajibu wa nchi inayotoa na inayopokea viumbe vya udhibiti wa kibiolojia, yaani viumbe hai vinavyotumiwa dhidi ya wadudu waharibifu. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 kuhusu rasilimali za kijenetiki, iliyoanza kutumika 2014, inahitaji makubaliano na nchi yenye asili ya kiumbe. Yote mawili ni halali na yana sababu. Tatizo ni nchi kuanza kutafuta ni idara gani inayohusika pale ambapo mdudu ameshaingia: kilimo wanasema ni mazingira, mazingira wanasema ni kilimo, na faili linasafiri. Tunaomba kila nchi itamke sasa, kwa maandishi, nani anapokea ombi, nani anashauri, na jibu litolewe ndani ya siku ngapi. Fomu ya kuingiza nyigu vimelea isiwe ileile ya kusajili kiuatilifu cha viwandani, inayouliza kiambato amilifu na muda wa kusubiri kabla ya kuvuna.

Karantini nayo isifupishwe kwa ajili ya presha ya siasa. Mzigo unapofika, kinachotakiwa kutoka ndani ya chumba ni kizazi kipya cha nyigu waliothibitishwa tu. Majani, vidung'ata na maganda yote (miili migumu ya vidung'ata walioshambuliwa na nyigu) yaliyosafiri nao yateketezwe. Walelewe angalau kizazi kimoja kizima ndani, kwa sababu katika maganda ya vidung'ata huweza kufichama nyigu wengine, kama wale wa jenasi ya Prochiloneurus, ambao huwashambulia nyigu tunaowataka. Ukimwachia huyo nje, umewaingizia adui askari wako mwenyewe. Wakati huohuo nyigu ajaribiwe kwa vidung'ata wengine wa nchini, ili ijulikane atamshambulia nani na hatamgusa nani.

Baada ya hapo unakuja ufugaji, na hapa tunaomba mtuvumilie kidogo kwa undani, kwa sababu fedha nyingi hupotelea hapa bila mtu kujua.

Vidung'ata hufugwa kwanza, nyigu baadaye. Maboga yaliyokomaa yenye ganda gumu na mikunjo hufaa kwa kidung'ata wa michungwa na jamaa zake kadhaa. Yaoshwe, yakaushwe, majeraha na shina lililokatwa vizibwe kwa nta ya mshumaa, la sivyo ukungu unayaozesha kabla kizazi hakijakamilika. Kidung'ata wa mpapai hustawi zaidi kwenye machipukizi ya viazi mviringo yaliyooteshwa gizani. Chumba kiwe na joto la nyuzi 25 hadi 28 na unyevunyevu wa asilimia 60 hadi 70. Chumba cha vidung'ata na chumba cha nyigu vitenganishwe, na mfanyakazi aanze siku kwenye cha vidung'ata, kamwe asitoke kwa nyigu kuingia kwa vidung'ata. Nyigu wachache wakipenya kwenye akiba ya vidung'ata, akiba yote inaisha na kituo kinasimama. Nyigu wapewe mistari myembamba ya asali. Wakipewa matone makubwa hunasa na kufa.

Lakini jambo kubwa ni jinsia. Kwa nyigu hawa, yai lililorutubishwa huwa jike na lisilorutubishwa huwa dume, na mama huamua kulingana na ukubwa wa kidung'ata anayemtagia. Akikuta mdogo, huweka dume. Akikuta aliyekaribia ukubwani, huweka jike. Kituo kinachofanya haraka huwapa nyigu vidung'ata wachanga, kisha hujivunia maelfu ya nyigu ambao wengi ni madume yasiyoua kidung'ata hata mmoja. Kwa hiyo mikataba ya uzalishaji isilipe kwa idadi ya nyigu. Ilipe kwa idadi ya majike hai siku ya kukabidhi, yakihesabiwa kwa sampuli chini ya hadubini. Badiliko hili moja la mkataba litawafaa kuliko kujenga chumba cha pili.

Kanuni hiyo ya ukubwa inaendelea kufanya kazi shambani, na inaeleza jambo ambalo viongozi wengi wamelitafsiri vibaya. Katika muhogo, nyigu wa Paraguay walishindwa zaidi kwenye udongo wa kichanga uliochoka, usiofunikwa kitu. Mmea dhaifu hukuza vidung'ata wadogo, vidung'ata wadogo huzaa nyigu madume, na madume hayaendelezi kazi. Palipowekwa matandazo na samadi, mmea ulinenepa, vidung'ata wakawa wakubwa, majike ya nyigu yakaongezeka na mashambulizi ya vidung'ata yakashuka. Anayefikiri kwamba rutuba itawanufaisha vidung'ata amesahau upande wa pili wa hesabu. Programu ya nyigu isiyo na bajeti ya matandazo katika udongo mbovu itafeli katika mashamba yaleyale ya wakulima maskini zaidi, halafu itasemwa nyigu hawafanyi kazi.

Kuachia wenyewe si sherehe ya hotuba. Nyigu wasafirishwe ndani ya sanduku la baridi, nyuzi kama 15, wakiwa wamelishwa asali na kupandana kwa siku moja au mbili. Wafunguliwe alfajiri au jioni, chini ya matawi yenye vidung'ata wa umri unaofaa, si uwanjani mbele ya kamera saa saba mchana. Mia chache kwa kila eneo zinatosha kama ni majike yenye afya, kwa kuwa lengo ni wajenge kizazi na kusambaa wenyewe. Mwanzo wa kiangazi, vidung'ata wanapoanza kuongezeka, ni wakati mzuri kuliko katikati ya mvua kubwa inayowaosha vidung'ata na kuwapiga nyigu. Eneo hilo na majirani zake lisipulizwe dawa tangu wiki mbili kabla, na baada ya hapo msimu mzima. Hili haliwezekani bila amri iliyoandikwa, kwa hiyo tunaomba muiandike. Aidha, ugawaji wa dawa wa idara moja usipite katika vijiji ambako idara nyingine imeachia nyigu.

Sisimizi wasisahaulike. Hula maji matamu ya vidung'ata, na kwa malipo hayo huwafukuza nyigu na kuwahamisha watambazi hadi matawi mapya. Katika miti ya matunda, yapunguzwe matawi yanayogusa ardhi na magugu yanayopanda shinani, kisha shina lizungushiwe mkanda wa kitambaa au plastiki uliopakwa gundi isiyokauka. Gundi isipakwe moja kwa moja kwenye gome, huliunguza. Mkanda ukaguliwe kila wiki mbili, maana vumbi na majani hutengeneza daraja. Chambo nacho husaidia: gramu 5 hadi 10 za asidi ya boriki na gramu 250 za sukari, maji yaongezwe hadi ifike lita moja, kiwekwe katika vyombo vilivyofungwa vyenye vitundu vidogo, mbali na watoto na mifugo. Ukizidisha asidi, sisimizi hufa njiani kabla ya kuifikisha kichuguuni, na malkia hubaki salama.

Kuna mbawakawa pia. Cryptolaemus montrouzieri wa Australia aliingizwa California kuanzia miaka ya 1890 na bado huuzwa duniani kote. Ni mlaji mkubwa pale ambapo vidung'ata wamejaa, ila wakipungua huondoka au kufa njaa, kwa hiyo hachukui nafasi ya nyigu. Tunamtaja hasa kwa sababu ya kosa moja la ugani: buu wake amevikwa nyuzi nyeupe za nta, na maofisa wasiofundishwa humwona kuwa kidung'ata mkubwa na kuamuru apulizwe dawa. Buu huyo hutembea haraka akiguswa na hufikia milimita 13. Kidung'ata wa kawaida ana milimita 3 au 4 na hujivuta polepole. Kila afisa ugani apewe lenzi ya mkononi ya kukuza mara kumi na afundishwe kutofautisha hao wawili, pamoja na ganda gumu la kahawia la kidung'ata aliyekwisha kushambuliwa na nyigu.

Ganda hilo linabadilisha hata ushauri wa usafi wa shamba. Kuchoma ncha zote zilizokatwa ni kuchoma nyigu walio karibu kutoka. Palipo na maganda, ncha ziwekwe ndani ya beseni pana lenye grisi kuzunguka ukingo, kivulini. Nyigu wataruka na kutoka; watambazi, wasio na mbawa, watakwama kwenye grisi. Baada ya wiki tatu mabaki yachomwe. Pingili za muhogo zikatwe kwenye mimea safi, na zisisafirishwe kutoka wilaya iliyovamiwa kwenda isiyovamiwa, hata kama ni za msaada. Ndege na upepo husingiziwa sana, lakini magari ya pingili na miche ndiyo huwapeleka vidung'ata mamia ya kilomita.

Ufuatiliaji uanze kabla ya kuachia, la sivyo hakutakuwa na cha kulinganisha. Zikaguliwe ncha 50 kwa kila shamba, kila mwezi, katika mashamba yaleyale, na mengine ya mbali yasiyofikiwa na nyigu. Zihesabiwe ncha zilizojikunja, vidung'ata kwa kila ncha, na maganda. Msiwahukumu nyigu kwa asilimia ya vidung'ata walioshambuliwa peke yake, kwa kuwa nyigu jike huua wengine kwa kuwatoboa na kunywa maji yao bila kutaga, na hao hawaonekani katika hesabu ya maganda. Kipimo cha kweli ni wingi wa vidung'ata na mavuno.

Mwisho ni fedha. Mwaka wa bajeti ni miezi 12. Nyigu huhitaji misimu miwili au mitatu kuonekana wameshika. Programu nyingi hufungwa mwaka wa kwanza ukiisha, wakati nyigu wapo lakini bado wachache, kisha dawa inarudi na kuwamaliza. Tunaomba mfuko wa miaka mitatu usiovunjwa, ukiwa na sehemu iliyotengwa kwa ufuatiliaji tu. Tunaomba pia taarifa za kila uachiaji zipelekwe kwa nchi jirani kabla ya siku yenyewe, pamoja na jina la nyigu na mahali, kwa kuwa atavuka mpaka bila kibali, na jirani anayejua hatapuliza dawa upande wake.

Wenu katika kazi ya kulinda mazao,
Wataalamu wa udhibiti wa kibiolojia wa wadudu